Dakika Sita Hewani

Jumatatu, 4 Machi

Mama wa mazoezi ya viungo pale kliniki kaniambia niandike. Si mambo ya moyoni, amesema, ni mambo ya tumboni: nimekula nini, nimekwenda chooni saa ngapi, na kama kuna kilichotoka bila ruhusa yangu. Nimechukua daftari langu la zamu. Kazi yangu ni kuendesha kreni, ile ndefu inayosimama ubavuni mwa jengo linalojengwa, na kwa miaka saba nimeandika kwenye madaftari kama haya saa, uzito wa mzigo na kasi ya upepo. Sasa mzigo ni mimi mwenyewe.

Haya, tuandike. Nilijifungua wiki saba zilizopita. Binti, kilo nne na robo. Tunamwita Meneja kwa sababu akilia kila mtu anaacha alichokuwa anafanya. Alipotoka alinichana mpaka kwenye msuli unaofunga haja kubwa. Nikashonwa, nikaambiwa nimeshonwa vizuri, nikapewa hongera. Hakuna aliyeniambia kwamba msuli ule unaweza kusahau kazi yake. Nilidhani kila mzazi hutembea na nguo ya ndani ya akiba kwenye mkoba. Leo ndiyo nimejua kwamba jambo hili lina jina, lina matibabu, na wenzangu wako wengi. Badala ya kufurahi nimeshinda na hasira.

Zoezi lenyewe: kaza kama mtu anayezuia ushuzi mkutanoni, hesabu mpaka kumi, achia. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Leo nimefika tatu, nikaishiwa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Uji, viazi, ndizi. Chooni mara mbili. Bila ruhusa: kidogo, nikiinua ndoo.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe yuko hapa tangu Meneja azaliwe. Sisemi hasaidii. Anapika, anaogesha, anafua. Lakini ni mwanamke wa maneno machache na maringo mengi. Siku ya harusi yetu alikaa kiti cha mlangoni kama mtu anayesubiri gari, akaondoka kabla ya hotuba. Miaka mitano sasa, na bado sijalimeza lile.

Leo jua lilichungulia nikaanika vitambaa vyangu uani. Akavitoa, akavitundika bafuni. Mambo ya ndani hayaanikwi nje, alisema. Nikavirudisha. Akavitoa. Nikavirudisha. Mvua ikaja ikatuamulia ugomvi.

Jumapili, 10 Machi

Nimekaza nikinyonyesha. Nimefika sita.

Ijumaa, 15 Machi

Nyapara kapiga simu. Likizo yangu inaisha katikati ya Aprili na anataka kujua kama narudi. Nilimjibu narudi kabla hajamaliza swali. Kibandani kwangu wamemweka kijana mmoja mwenye miwani, wanamwita Profesa, anashusha mzigo kama anasahihisha mitihani. Mtu mzuri. Simtaki kwenye kiti changu.

Nilianza pale nikibeba maji ya kuchanganyia zege. Nikawa msaidizi wa kufunga minyororo, kisha nikajifunza kuendesha wakati wa mapumziko ya wenzangu, nikila mkate kwa mkono mmoja. Hakuna aliyenipandisha juu kwa huruma. Basi na nisishushwe kwa huruma.

Kizuizi ni hiki. Ukiwa na mzigo hewani huachii. Hata uumwe na nyuki, mzigo unashuka kwanza. Safari ndefu kuliko zote ni ya ndoo ya zege, kutoka chini mpaka kona ya mbali ya jengo: dakika sita. Haja ikinishika siku hizi nina sekunde arobaini. Nimezipima.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwambia mama wa mazoezi nataka dakika sita. Nilitegemea acheke. Aliandika tu kwenye faili lake, kisha akasema, "Tutaanza na moja. Ukiisikia haja, usikimbie. Ukikimbia unaiambia yeye ndiye mkubwa." Nisimame mlangoni pa choo, nikaze, nivute pumzi taratibu, nisubiri kidogo, ndipo niingie. Kila wiki niongeze. Nile kwa saa zilezile. Asubuhi baada ya uji nikae chooni, miguu juu ya kigoda, bila kujikamua.

Nilimweleza baba Meneja habari ya kigoda. Yeye ni fundi wa mafriji, mtu wa kutengeneza bila kuuliza. Jioni kigoda kilikuwa tayari, kimepigwa msasa kabisa. Nilitaka aulize ni cha nini hasa. Hakuuliza.

Alhamisi, 28 Machi

Dakika moja na nusu. Mvua siku ya tano.

Jumanne, 2 Aprili

Jirani kaja kumwona mtoto, akanichekesha. Nimeingia chumbani nikiwa bado nacheka, nikatoka nimebadilisha sketi. Hakujua. Mama mkwe alijua, nilimwona akiziangalia sketi zote mbili.

Jumamosi, 6 Aprili

Dakika mbili na sekunde kumi. Na nimehesabu mpaka kumi, mara kumi, bila kuishiwa. Haba na haba.

Jumatatu, 8 Aprili

Nyapara anataka niende Alhamisi kusaini karatasi za kurudi kazini. Nimeamua kutumia hila yetu. Sisi wa kreni, kabla ya kupanda, hatuli wala hatunywi mpaka tushuke. Wanaume wana chupa zao kule juu. Mimi miaka yote nilikuwa na kinywa kikavu tu. Tumbo tupu halidai. Nimeacha kula tangu mchana wa leo, nakunywa chai nyepesi kwa ajili ya maziwa ya mtoto.

Jumatano, 10 Aprili

Siku ya pili sijapata choo. Kimekuwa jiwe. Nimejikamua, nimeona damu. Nikanunua dawa ya kulainisha, nikanywa vijiko viwili, nikaona haifanyi kazi, nikaongeza viwili. Najua. Usiniambie.

Ijumaa, 12 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika yote.

Nilifika saa tatu na Meneja mgongoni. Ofisi ya nyapara ni kontena lenye meza moja, feni moja na ramani ya jengo iliyobanduka kona. Alikuwepo yeye, Profesa, na mpiga ishara wetu, tunayemwita Mkono, kwa sababu kabla kampuni haijanunua redio alikuwa anaongea nami kwa mikono peke yake. Miaka saba huyu ndiye macho yangu ya chini. Tulisalimiana vizuri. Walimsifu mtoto. Nyapara akasukuma karatasi, nikasimama kusaini.

Sikupata hata zile sekunde arobaini. Dawa ilikuja yote kwa pamoja. Niliisikia ikishuka mapajani na kalamu bado iko mkononi. Kontena ni dogo. Feni ilizungusha harufu ikawafikia wote, mmoja baada ya mwingine, na nilimwona kila mmoja inavyomfikia. Profesa akatazama viatu vyake. Nyapara akafungua dirisha, kisha akaona aibu kwamba amelifungua, akabaki amelishika. Mkono akavua koti lake la mvua, akanifunga kiunoni, akakaza fundo, akarudi alipokuwa. Uso wake haukubadilika.

Nilisaini. Hilo naliandika hapa ili nilikumbuke: nilimaliza kusaini.

Nyapara alinifuata mpaka getini. Angenifokea ningejua la kumjibu. Alisema kwa upole, "Kuna nafasi stoo, mama. Kugawa kofia na glavu. Choo kiko jirani. Mwili wako umeshafanya kazi yake, upumzishe."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa mvua, maana kwenye basi ningekaa wapi na kwenye kiti cha nani? Nililia njia nzima na Meneja alilala njia nzima.

Mama mkwe alifungua mlango, akaniangalia mara moja, akampokea mtoto. Akaniandalia maji ya kuoga. Nilipotoka nilimkuta ameinama kwenye beseni na suruali yangu. Nikamwambia aache, nitafua mwenyewe. Akasema maji ya baridi kwanza, sabuni baadaye, ukianza na ya moto doa linaganda. Alisema kama mtu anayetaja njia ya kwenda kwake. Nikamuuliza amejuaje.

Akaendelea kusugua. Kisha akasema, "Mimi nimekaa mlangoni miaka thelathini na nne."

Sikuelewa upesi. Akanieleza akiwa amenipa mgongo. Baba Meneja ndiye mtoto wake wa kwanza na wa mwisho. Alichukua siku mbili kutoka. Tangu hapo hajawahi kukaa katikati ya watu, hajawahi kupanda gari la safari ndefu, hajala chochote siku ya shughuli. Mumewe alikufa bila kujua. Siku ya harusi yetu tu alionja mchuzi, ukamgeuka, ndiyo maana aliondoka kabla ya hotuba. Alirudi nyumbani kwa miguu, na nguo yake mpya, kama mimi jana.

Miaka mitano nimemwita mwenye maringo. Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko ya kontena. Halafu hasira zikaja, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumtolea nikamtolea yeye. Nilimwambia mficha maradhi kilio humuumbua, angesema mapema ningejua, ningeuliza, ningejiandaa.

"Mimi hakikuniumbua," alisema. "Nilificha nikaweza. Ndicho kinachoniuma."

Tukaanika suruali ile pamoja. Uani.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama wa mazoezi kanigombeza kweli kweli kuhusu dawa na njaa. Tumbo tupu ni ujinga wa kreni, amesema, msuli unahitaji choo laini chenye umbo, na choo hakitengenezwi na hewa. Nimekula viazi mbele yake kama adhabu.

Jumapili, 14 Aprili

Mama mkwe kaniuliza, akimenya vitunguu, "Hivi unakaza wapi hasa?" Nikamweleza. Tukakaa mezani, yeye na kisu, mimi na mtoto, tunatazama ukuta. Kumi, achia. Baba Meneja akaingia, akauliza mbona tumenyamaza, kuna msiba? Mama yake akamwambia, "Tuko kazini." Nilicheka nikashika meza. Na hakuna kilichotoka.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekwenda kwa nyapara na koti la Mkono limefuliwa na kupigwa pasi, ingawa koti la mvua halipigwi pasi. Ni mama mkwe, na nani wa kumwambia? Nilikataa kukaa. Nikamweleza kila kitu, msuli, mshono, mazoezi, dakika. Alikuwa anatafuta pa kuweka macho. Nikangoja mpaka akayaweka kwangu.

Mficha uchi hazai, nami nimeshazaa, sina cha kuficha tena. Nilimwambia anipe mpaka Mei na zamu moja ya majaribio. Akasema mwenye mzigo hewani hana ruhusa ya kuachia. Nikamwambia hiyo sheria naijua kabla yake, ndiyo maana nahesabu. Akasema haya, tuseme umezishika hizo dakika sita, kushuka ngazi mpaka chini ni dakika tisa nyingine. Hapo alinipata.

Lakini mlingoti wa kreni umeunganishwa na jengo kwa kijidaraja, na kijidaraja kinatokea ghorofa ya tisa. Kutoka kibandani mpaka pale ni dakika mbili. Na nyuma ya stoo kuna choo cha plastiki, kile cha kubebeka, kimekaa bure. Nikamwambia akiweke ghorofa ya tisa. Akasema hapa si hotelini. Nikamuuliza kama anajua watu kumi na wanane wa juu wanajisaidia wapi. Anajua. Sote tunajua yale makopo ya rangi. Nyapara ana kisukari na kibofu kisichosubiri, mara ngapi nimemwona kutoka juu akishuka ngazi mbio huku amejishika? Hilo sikulisema. Nilimtazama tu mpaka akasema atafikiria.

Zamu ya majaribio: Jumatatu ya tarehe 20 Mei.

Ijumaa, 19 Aprili

Dakika tatu kasoro. Radi usiku kucha.

Alhamisi, 25 Aprili

Tatu na nusu.

Alhamisi, 2 Mei

Moja. Tumbo limechafuka, Meneja ana mafua, hakuna aliyelala. Nimetupa daftari chini ya kitanda. Nimeliokota.

Jumatatu, 6 Mei

Mama mkwe amekubali kuja kliniki nami. Mama wa mazoezi alimpima, akamwambia ukweli: miaka ni mingi, msuli hautarudi wote, lakini hajachelewa kupata nafuu. Tulipokuwa tukisubiri alikaa safu ya tatu, kiti cha katikati, mkoba kifuani. Alikuwa anatokwa jasho. Hakuhama.

Jumamosi, 11 Mei

Tumegombana na baba Meneja. Kaniambia stoo si aibu. Nikamwambia stoo si aibu, aibu ni kupelekwa huko kwa sababu umezaa. Akasema anaogopa nisije nikadhalilika tena mbele za watu. Nikamwambia nimeshadhalilika, na asubuhi yake jua lilichomoza, kwa hiyo aogope kitu kingine. Halafu akasema kitu ambacho ningependa angekisema mwezi wa kwanza: "Nilidhani ukiniona nauliza utaona naona kinyaa."

Baadaye kaja kusimama nami mlangoni pa choo na simu yake, akipima muda. Dakika nne na sekunde hamsini. Nimemwona mtu mwingine kabisa, amechuchumaa pale kama refa.

Ijumaa, 17 Mei

Sita na sekunde nane. Mama mkwe kapiga kofi moja tu, zito, mezani.

Jumatatu, 20 Mei

Uji saa kumi na moja alfajiri, choo saa kumi na mbili, kigoda, bila kujikamua. Manyunyu, upepo mdogo. Nilivaa suruali nyeusi na nyingine nikaiweka kwenye mkoba, pamoja na sabuni na chupa ya maji. Mama mkwe akanifunga mkanda wa usalama begani kama ananivisha sare ya shule. "Jikaze kisabuni," alisema. Nikamwambia sabuni huteleza. Akasema basi usijikaze hivyo.

Ngazi mia na sabini na mbili. Zamani nilizipanda bila kupumzika. Leo nilipumzika mara tatu, na mara zote tatu nilikaza kwanza ndipo nikapumua. Kibandani kulikuwa na harufu ya Profesa, marashi na karanga. Nikafungua vidirisha.

Mkono akaja kwenye redio. "Habari ya huko juu?" Nikamwambia ni nzuri, alete mzigo. Akakohoa. Akasema nyapara ameagiza, kile ulichokitaka ukipandishe mwenyewe. Nikatazama chini. Kwenye ndoano walikuwa wamefunga choo cha plastiki, cha buluu, mlango umekazwa kwa kamba.

"Mzigo wa kwanza," alisema Mkono, kwa sauti yake ileile ya nondo na mbao. "Choo kimoja. Kitupu."

Redio ile inasikika jengo zima. Waliangua kicheko kutoka ghorofa ya kwanza mpaka ya tisa, na mimi nikacheka nao, mkono ukiwa umetulia kwenye wenzo wa kuongozea. Kilipanda kikizunguka polepole kwenye manyunyu. Nimewahi kushusha vioo vya mlango mkuu, na sikuvishusha kwa uangalifu ule. Walikipokea watu sita.

Kisha nondo. Kisha mbao. Kisha nondo tena. Saa nne ikaanza zege.

Ndoo ya tatu ilikuwa imefika usawa wa ghorofa ya nne niliposikia. Si ile ya kupiga hodi, ile ya kusukuma mlango. Nusu ya safari bado. Kona ya mbali kulikuwa na mafundi wanne wanaisubiri, na mmoja alikuwa ameshainua mikono.

Sikukimbia. Kwanza mikazo ya haraka, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kisha nikaushika mmoja mrefu na kupumua juu yake. Nikamsikia Mkono akisema kushoto, kushoto kidogo, nami nikaenda kushoto. Niliogopa sana. Sikuogopa suruali, niliogopa mkono usije ukatetemeka. Haja ilipanda, ikafika kileleni, ikakaa pale, na nilijua kwa mara ya kwanza tangu Januari kwamba kuna mlango mle ndani na mimi ndiye niliyeushika. Chini kidogo. Chini. Simama. Zege likamwagika pale lilipotakiwa. Ndoo tupu ikapanda mbali na vichwa vya watu, nikafunga breki.

Nikashika redio. Nilikuwa nimejiandaa kusema ninakagua nyaya. Nikasema, "Kreni imesimama. Mwendeshaji anakwenda chooni."

Mkono akajibu: "Nimekupata. Kreni imesimama."

Nilishuka ngazi kwa kasi yangu, nikavuka kijidaraja, nikaingia ghorofa ya tisa. Mafundi wakanipisha bila kuambiwa. Nikaushika mlango wa choo. Umefungwa kwa ndani.

Nikagonga. Sauti ya nyapara ikasema, "Dakika mbili."

"Mzee," nilimwambia, "mimi nimeshashika tano kati ya sita. Imebaki moja. Toka."

Alitoka amejishika mkanda, kofia kwapani, macho chini. Nikaingia.

Bila ruhusa: kidogo, kabla sijakaa. Nikajisafisha, nikavaa suruali ya pili, ile ya kwanza nikaitia kwenye maji ya baridi ndani ya mfuko. Nilipofungua mlango alikuwa bado amesimama pale, anatazama mvua, na nyuma yake watu watatu wameshapanga foleni. Nilimngoja aseme neno kuhusu ile kazi ya kugawa kofia. Aliangalia mikono yake, akaniuliza kama humo ndani nimeacha sabuni.

Nikamwambia sabuni aulize stoo. Kisha nikarudi kwenye kreni yangu.